KUKU WA NYAMA NA MAYAI: HISTORIA YAKE NA FAIDA YAKE KWA MKULIMA MDOGO

Ndugu mkulima,

Leo hatutaanza na banda wala dawa, tutaanza na historia. Huenda ukauliza: "Historia ya kuku itanisaidia nini mimi mwenye mitetea yangu sita na jogoo mmoja?" Itakusaidia sana, na sababu yake ni hii.

Wako watu wanaopita vijijini wakiuza vifaranga. Wanakuambia kwamba kuku hawa ni wakubwa, wanataga kila siku, wanakua upesi na hawaugui. Mkulima mmoja anasadiki yote. Anauza kuku wake wa kienyeji wote, ananunua vifaranga mia moja, na mwaka ukiisha banda ni tupu na mbegu ya zamani hana tena. Mkulima wa pili anaona yaliyompata jirani, anaogopa, anakataa kila kitu kipya, naye anabaki na kuku wanaotaga mayai 40 kwa mwaka. Wote wawili wamepata hasara. Laiti wangejua kuku hao walitoka wapi, walitengenezwa kwa kazi gani na walilishwa nini, wangeweza kuamua vizuri zaidi. Basi hebu tuifuate historia hiyo hatua kwa hatua.

Kuku alitoka wapi

Kuku wote tunaowafuga, awe wa kienyeji au wa kigeni, wametokana na kwale-mwitu? La. Wametokana na kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki. Mifupa ya kuku wa kufugwa iliyo ya zamani kuliko yote inayojulikana kwa uhakika ilipatikana Ban Non Wat, katika nchi ya Thailand, na umri wake ni zaidi ya miaka 3,000. Wataalamu wanaeleza kwamba kilimo cha nafaka, hasa mpunga, ndicho kilichomvuta kuku mwitu hadi karibu na nyumba za watu. Alifuata punje zilizomwagika. Kwa hiyo tangu mwanzo kuku aliletwa kwetu na chakula. Tafadhali likumbuke neno hilo, tutalirudia baadaye.

Kuku alifika Afrika kwa njia za biashara, kwa nchi kavu na kwa bahari. Kaskazini ya Ethiopia, mahali paitwapo Mezber, imepatikana mifupa yake yenye umri wa zaidi ya miaka 2,500. Kwetu Afrika Mashariki amekaa karne nyingi, na jua, njaa, mwewe, vicheche na magonjwa vimemchuja. Aliyekuwa dhaifu alikufa, na aliyebaki ndiye huyu wa kienyeji: mwepesi, mwangalifu, anayejitafutia, anayeatamia mayai yake na kulea vifaranga vyake. Wako kishingo wasio na manyoya shingoni, ambao hustahimili joto vizuri. Wako pia kuchi, warefu, wenye mifupa mizito. Hiyo ni mali, ndugu mkulima, usiidharau.

Lakini kuku huyu ana upungufu wake. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia, halafu hulea. Kwa mwaka mzima hufanya hivyo mara tatu au nne tu. Hapo ndipo hesabu ya mayai 40 hadi 60 inapotoka.

Jogoo wa baharia na wakulima wa Little Compton

Sasa twende Marekani. Mashariki ya nchi hiyo, kando ya bahari, liko jimbo dogo linaloitwa Rhode Island. Katikati ya karne ya 19 wakulima wa huko walikuwa na mashamba madogo kama yetu. Mwaka 1854 nahodha mmoja, William Tripp, alinunua jogoo mwekundu wa aina ya Malay kwa baharia katika bandari ya New Bedford. Jogoo wa Malay ni mrefu, ana kifua kipana na mifupa mizito. Ukimjua kuchi, basi umbo lake unaweza kulikadiria. Tripp alimwachia jogoo huyo apande mitetea yake ya kawaida.

Watoto waliozaliwa walikuwa wakubwa kuliko mama zao, na walitaga mayai mengi zaidi. Tripp na rafiki yake John Macomber wakaendelea kuchagua. Aliyetaga vizuri na kuwa na mwili mzuri alibaki, na aliyepungua alikwenda sokoni. Majirani wakaja kununua mayai ya kuangulisha, na kila mmoja akachagua kwake kwa namna hiyo hiyo. Mfugaji mkubwa wa Little Compton, Isaac Wilbour, ndiye anayetajwa kuwa aliwapa kuku hao jina la Rhode Island Red. Mwaka 1904 chama cha wafugaji wa kuku cha Marekani kikawakubali rasmi kuwa aina kamili. Mwaka 1925 wenyeji walijenga mnara wa kumbukumbu yao katika kijiji cha Adamsville, na mwaka 1954 jimbo lote likamtangaza kuku huyo kuwa ndege wake.

Hebu tazama miaka hiyo. Kutoka 1854 hadi 1904 ni miaka 50. Walioifanya kazi hiyo hasa walikuwa wakulima, na chombo chao kikubwa kilikuwa jicho, pamoja na subira ya kutomchinja kuku aliye bora.

Kwa nini walitaka kuku wa kazi mbili? Kwa sababu kila mayai 100 yakianguliwa, karibu nusu ya vifaranga ni majogoo. Jogoo hatagi. Mkulima mdogo hawezi kulisha nusu ya kundi bila faida. Kwa hiyo alihitaji aina ambayo mitetea yake hutaga vya kutosha, majogoo yake hupata nyama ya kuuza, na mtetea akizeeka bado ana uzito wa kumfaa mchuuzi.

Mahali pengine walifuata njia hiyo hiyo. Uingereza, mwaka 1886, William Cook alitoa kuku mweusi aitwaye Orpington. Kuku huyo alipofika Australia, wafugaji wa huko walimchanganya na aina nyingine na kumchagua zaidi kwa mayai, akawa Black Australorp. Katika mashindano ya mwaka 1922 hadi 1923, mitetea sita ya aina hiyo ilitaga mayai 1,857 kwa siku 365, yaani zaidi ya mayai 309 kwa kila mtetea. Lakini usisahau kwamba kuku hao walikuwa chini ya uangalizi na chakula kilichopimwa. Hawakuwa wakipekua jalalani.

Kuku alipogawanywa mara mbili

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mambo yakabadilika. Marekani yalifanyika mashindano ya kumtafuta "kuku wa kesho", na fainali yake ya taifa ilikuwa mwaka 1948. Waliotakiwa ni kuku wenye kifua kikubwa, wanaokua upesi kwa chakula kidogo. Mshindi, Charles Vantress wa California, alileta mchanganyiko wa kuku wa Cornish na New Hampshire. Huyo New Hampshire mwenyewe alitokana na Rhode Island Red.

Kuanzia hapo makampuni yakatengeneza kuku wa nyama peke yake, na kuku wa mayai peke yake. Wa nyama leo huchinjwa akiwa na majuma matano au sita tu. Wa mayai anaweza kutaga zaidi ya mayai 300 kwa mwaka, lakini majogoo ya ukoo wake hayana nyama ya maana, na katika viwanda vingi huuawa siku ya kuanguliwa. Kwa mwenye umeme, chakula cha kiwandani na soko la mjini, mpango huo una faida. Kwa mkulima aliye mbali na barabara, kuku wa namna hiyo ni kama gari lisilo na mafuta.

Somo la mchele mweupe

Sasa turudi kwenye chakula, kama nilivyoahidi. Karibu mwaka 1890, katika kisiwa cha Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa akichunguza ugonjwa wa beriberi, unaolegeza miguu ya watu na hata kuwaua. Kuku wake wa uchunguzi wakaanza kupepesuka na kuanguka. Baada ya miezi michache wakapona wenyewe. Alipouliza, akaambiwa kwamba walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki katika jiko la hospitali ya jeshi. Mpishi mpya alipokuja, alikataa kutoa wali wa askari kwa kuku wa raia, nao wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana. Ndipo wakapona.

Eijkman aliendelea kujaribu, akaona kwamba pumba laini ya mchele ilikuwa na kitu cha kumponya kuku. Kitu hicho leo tunakijua kuwa ni vitamini B1. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 1929. Basi ndugu mkulima, kuku ndiye aliyewafundisha madaktari kwamba tumbo linaweza kushiba na mwili ukabaki na njaa. Kuku anayepewa mahindi matupu hushiba, lakini hatagi inavyopasa.

Somo la pili la chakula lilikuja mwaka 1960. Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000 kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulionyesha kwamba sumu ilitoka katika mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Sumu hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa aflatoksini. Kwa hiyo usiseme, "Mahindi haya yameota ukungu, hayafai kwa ugali, nitawapa kuku." Yasiyokufaa wewe hayamfai kuku.

Majogoo ya kigeni yalipokuja kwetu

Majina ya Rhode Island Red, Light Sussex na Black Australorp yamezoeleka kwa miaka mingi katika vituo vya mifugo vya Afrika Mashariki na Kati. Malawi ilimpenda sana Black Australorp na kumgawa kwa wakulima. Kenya ilianza mpango wake wa taifa wa kuendeleza kuku mwaka 1976 kwa msaada wa Uholanzi, na moja ya kazi zake ilikuwa kubadilishana majogoo. Mkulima hutoa jogoo wake wa kienyeji na kupewa jogoo bora. Mipango ya namna hiyo imefanyika katika nchi nyingi za Afrika.

Wazo lenyewe lilikuwa jema. Jogoo mmoja hupanda mitetea wanane hadi kumi, na watoto wake wote huchukua nusu ya damu yake. Wakulima wengi waliona vifaranga wa kwanza wakiwa wakubwa na wenye kutaga vizuri. Lakini mahali pengi faida hiyo haikudumu, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926, huko Java na pia karibu na mji wa Newcastle, Uingereza. Katika miaka ya 1930 ulikwisha andikwa Kenya, karibu na Mombasa. Ukiingia katika kijiji kisicho na chanjo, unaweza kufagia karibu kuku wote, na jogoo wa kigeni haponi kwa sababu ya ukubwa wake.

Ya pili ni chakula. Jogoo aliyezoea kupimiwa chakula alifunguliwa ajitafutie kama wenyeji. Akadhoofu, na mwewe hakumkosa.

Ya tatu ilichelewa kuonekana. Watoto wa kwanza walikuwa na nusu ya damu ya kigeni. Walipopandwa tena na jogoo wa kigeni, wajukuu wakawa na robo tatu, na vitukuu saba kwa nane. Sasa Rhode Island Red na wenzake wamechaguliwa kwa miaka mingi watage bila kuacha, na mtetea anayeatamia hatagi. Kwa hiyo kila damu hiyo ilivyoongezeka, tabia ya kuatamia ilipungua. Mkulima akabaki na mitetea wakubwa wanaotaga, lakini hakuna wa kuangua. Bila mashine ya kutotolesha, ukoo ukakatika.

Siku hizi

Katika miaka ya karibuni kuku wa kazi mbili amerudi kwa nguvu. India, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Vinod Kapur wa kampuni ya Keggfarms alitoa kuku aitwaye Kuroiler, aliyekusudiwa hasa kwa nyumba za vijijini. Ufaransa ilitoa Sasso. Aina hizi zimefika Uganda, Kenya na Tanzania, na kuanzia mwaka 2014 mradi wa utafiti katika Tanzania, Ethiopia na Nigeria ulizipima aina mbalimbali mikononi mwa wakulima wenyewe. Kuku hawa wakitunzwa vizuri hutaga mara mbili au tatu ya wa kienyeji, na majogoo yao hufika kilo 2 au zaidi kwa miezi minne.

Lakini jihadhari na jambo moja. Wengi wa kuku hawa ni chotara. Unayajua mahindi chotara: ukipanda mbegu ya dukani unavuna vizuri, ukirudia kupanda punje za shamba lako, mavuno yanapungua na mimea hailingani. Kuku ni hivyo hivyo. Ukimpandisha jogoo chotara kwa dada zake, vifaranga watatoka kila mmoja na umbo lake. Kwa hiyo mwuzaji akikuambia, "Nunua mara moja, utazalisha mwenyewe milele," ujue hakukuambia yote.

Basi tufanye nini?

Historia yote hii inatupa ushauri ufuatao.

Kwanza, usiuze mitetea yako ya kienyeji yote. Bakiza walio bora, wale walezi wazuri. Hao ndio mashine yako ya kutotolesha isiyotaka mafuta wala umeme. Mtetea mmoja anaweza kuatamia mayai 10 hadi 12 ya kuku bora, na siku ya 21 vifaranga wanatoka.

Pili, chanja kabla ya kuleta damu mpya. Iko chanjo ya mdondo iitwayo I-2, iliyoanzia Australia na ambayo hutengenezwa pia Tanzania. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Tone moja katika jicho moja latosha, na hurudiwa kila miezi mitatu. Shaurianeni wanakijiji, mchanje siku moja, maana kuku wa jirani asiyechanjwa ni hatari kwa wote.

Tatu, chagua kama walivyochagua wakulima wa Little Compton. Weka alama ya kitambaa au pete mguuni, na hesabu mayai ya kila mtetea katika daftari la mtoto wa shule. Mayai ya kuangulisha yatoke kwa mitetea inayotaga vizuri na kulea vizuri. Badilisha jogoo kila mwaka, asije akapanda binti zake. Ukitumia jogoo bora mara moja, kizazi kinachofuata tafuta jogoo mzuri wa kienyeji wa kijiji kingine, ili damu isielemee upande mmoja.

Nne, lisha. Kuku mkubwa anayetaga hula kiasi cha gramu 120 kwa siku akiwa ndani. Mitetea 10 watakula kilo 36 kwa mwezi. Kama kila mmoja anataga mayai 200 kwa mwaka, utapata mayai kama 165 kwa mwezi kutoka kwa hao 10. Chukua bei ya chakula na bei ya mayai sokoni kwako, upige hesabu kabla hujanunua hata kifaranga kimoja. Hesabu ikikataa, punguza idadi au waache wajitafutie mchana na kuwaongezea jioni.

Mchanganyiko wa kilo 100 kwa mitetea wanaotaga unaweza kuwa hivi: pumba za mahindi kilo 42, mahindi yaliyoparazwa kilo 20, mashudu ya alizeti kilo 19, dagaa waliosagwa kilo 10, chokaa ya mifugo kilo 6 na nusu, unga wa mifupa kilo 2 na chumvi nusu kilo. Dagaa wakiwa wa chumvi, chumvi hiyo iache. Ongeza vitamini za dukani ukizipata, na majani mabichi kila siku. Mchanganyiko huu usiwape vifaranga, kwa sababu chokaa nyingi hudhuru figo zao. Vifaranga wanataka chakula chao chenye protini zaidi, na joto katika majuma ya mwanzo.

Tano, majogoo ambayo hukuyachagua kwa mbegu uyauze yakifika uzito wa sokoni. Ukiyaweka mwaka mzima yatakula fedha ya mayai yote. Kuku wa kazi mbili ana faida pale tu kazi zote mbili zinapofanyika: mtetea atage, jogoo auzwe.

Ndugu mkulima, huna haja ya kuanza na kuku mia. Anza na mitetea sita uliyo nayo, jogoo mmoja mzuri, tone la chanjo na daftari. Nahodha Tripp alianza na jogoo mmoja. Bwana mifugo au bibi mifugo wa kata yako atakusaidia, mwendee mapema, usingoje mpaka kuku waanze kusinzia.

Kwa leo tuishie hapa. Nakutakia ufugaji mwema.